Mazoezi na Masomo ya Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mwanafunzi wa kawaida wa chuo kikuu: anakaa hosteli au geto, ratiba yake ya vipindi inabadilikabadilika, hana pesa ya jimu, na muhula ukifika wiki ya kumi anajiona hana muda wa chochote. Mwanamichezo wa timu ya chuo ana swali lake huko chini.

Je, mazoezi yanapandisha GPA (wastani wa alama)?

Yenyewe peke yake, si sana. Tunaanza na jibu hili kwa sababu mitandaoni utaambiwa kinyume chake kila siku.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofuatilia wanafunzi 4,843 wa mwaka wa kwanza na wa pili katika Michigan State University, Marekani. Waliojiunga na kituo cha mazoezi cha chuo waliwazidi wenzao kwa GPA ya takriban 0.13, katika mizani ya kule inayoishia 4.0. Tofauti ipo, lakini jiulize ni nani anayelipia kituo cha mazoezi. Mara nyingi ni yule ambaye tayari ana ratiba, ana nafasi ya kupumua kifedha na hafanyi kibarua cha usiku. Huwezi kujua hapo ni mazoezi yaliyoleta alama au ni maisha yaliyopangika yaliyoleta vyote viwili.

Sweden walikuwa na takwimu nzito zaidi: vipimo vya jeshi vya vijana wa kiume zaidi ya milioni 1.2 waliozaliwa kati ya 1950 na 1976. Matokeo yaliyotolewa 2009 yalionyesha kuwa vijana wenye moyo na mapafu imara walipata alama za juu zaidi katika vipimo vya akili, na wale walioimarika kati ya umri wa miaka 15 na 18 walifanya vizuri kuliko walioshuka. Nguvu za misuli peke yake hazikuonyesha uhusiano wa aina hiyo. Kwa hiyo kifua kipana si dalili ya kitu chochote darasani.

Upande wa pili, mwaka 2023 jarida la Nature Human Behaviour lilichapisha mapitio ya majaribio 109 yenye washiriki zaidi ya 11,000 wenye afya. Faida ya mazoezi kwa uwezo wa akili ilikuwa ndogo, na waandishi waliposahihisha kasoro za majaribio yenyewe, pamoja na tabia ya kuchapisha matokeo mazuri tu, ilipungua mpaka ikakaribia kutoweka.

Ukiwa na 3.4 na unaitafuta 3.5 ya Upper Second, katika mizani ya Tanzania inayoishia 5.0, dawa ya kwanza ni test, kazi za semina na maswali ya mitihani iliyopita. Mazoezi hayasomi kwa niaba yako.

Sasa kama hayapandishi alama, faida iko wapi?

Iko kwenye vile vitu ambavyo kusoma kunavitegemea, na cha kwanza ni usingizi. Mfano mzuri ni wa chuo cha MIT, Marekani. Profesa Jeffrey Grossman na wenzake waliwavalisha wanafunzi wa somo la kemia saa za Fitbit muhula mzima, na mwanzoni alitaka kuona kama mazoezi yanaendana na alama. Uhusiano huo hakuupata. Alichokipata, na kikachapishwa 2019, ni kwamba muda wa kulala, ubora wa usingizi na kulala kwa saa zisizoyumba vilieleza karibu asilimia 25 ya tofauti za alama kati ya wanafunzi 88. Usingizi wa usiku mmoja tu kabla ya mtihani haukuonyesha uhusiano wowote. Uliobeba alama ni ule wa wiki na mwezi mzima kabla ya hapo.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Mtu aliyechosha mwili mchana hulala haraka zaidi na usingizi wake huwa mzito. Pia mazoezi hupunguza wasiwasi na huzuni, na anayesoma akiwa na wasiwasi anajua jinsi ukurasa mmoja unavyoweza kusomwa mara nne bila kuingia.

Na kwenye ubongo wenyewe kuna kazi inafanyika. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ukiwa umepumzika. Ukikimbia, mapigo ya moyo hupanda, kemikali za kuamsha umakini kama dopamini na noradrenalini huongezeka, na protini iitwayo BDNF, inayosaidia seli za ubongo kukua na kuungana, hutolewa kwa wingi. Utafiti unaotajwa sana ni wa 2011: wazee waliotembea dakika 40 kwa siku 3 za wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu inayoshughulikia kumbukumbu, ilikua kwa asilimia 2. Lakini hao ni wazee ambao sehemu hiyo ilikuwa inasinyaa. Ukimwona mtu anautumia utafiti huo kumuuzia kijana wa miaka 20 programu ya jimu, mwache apite.

Nifanye kiasi gani kwa wiki?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 za kasi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za kasi kubwa, au mchanganyiko wa hizo, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Zamani ilisemwa kipande chini ya dakika 10 hakihesabiki. Sharti hilo limeondolewa. Dakika 6 za kupanda ngazi na mlima kwenda ukumbi wa mihadhara ni mali yako.

Kwa mwanafunzi, mgawanyo unaokaa vizuri ni huu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika 30 za kukimbia polepole au kutembea haraka. Hizo ni 90. Kutembea haraka kwenda vipindini dakika 12 kila siku ya kazi ni 60 nyingine. Tayari 150. Jumanne na Alhamisi weka dakika 20 za mazoezi ya nguvu chumbani. Jumamosi na Jumapili ziache zipumue, au nenda ukacheze.

Anayetoka sifuri ndiye anayenufaika haraka kuliko wote. Kutoka dakika 0 kwenda 60 kwa wiki utahisi tofauti. Kutoka 300 kwenda 400, kwa upande wa masomo, umejipunguzia muda tu.

Nitajuaje kasi yangu ni ya wastani au kubwa?

Tumia mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda, hiyo ni ya wastani. Ukitoa maneno mawili matatu na kukata pumzi, ni kubwa. Kiongozi wa mchakamchaka anayeimba beti zote bila kuhema, ukweli ni kwamba kundi zima linatembea tu kwa madaha.

Ukitaka namba: toa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 21 anapata 199. Kasi ya wastani ni kama asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 127 hadi 151 kwa dakika. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, hesabu kwa sekunde 15. Ukipata 32 hadi 38 uko mahali pake. Hesabu mara tu unaposimama, kwa sababu ndani ya dakika moja mapigo yanakuwa yameshashuka. Kanuni hii ya 220 ni ya makadirio. Ikigombana na mdomo, fuata mdomo.

Nifanye kabla ya kusoma au baada?

Inategemea unataka nini.

Kama shida ni kusinzia na kutawanyika mawazo, fanya kabla. Dakika 20 za kasi ya wastani, kisha tulia, oga, kaa kusoma. Manufaa ya umakini huonekana zaidi kuanzia kama dakika 10 baada ya kumaliza, mtu akishatulia. Ukienda moja kwa moja kutoka kwenye mbio hadi kwenye hesabu, bado unahema na jasho linadondokea daftari, hutaona kitu. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, lililochapishwa 2007, vijana waliokimbia mbio mbili fupi za kasi kali za dakika 3 kila moja walijifunza msamiati mpya kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kuliko walipokuwa wamepumzika au wamekimbia taratibu.

Kama shida ni kusahau, jaribu baada, lakini si hapohapo. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2016 waliwafundisha watu 72 mahali pa picha kadhaa. Kundi moja lilifanya mazoezi papo hapo, jingine saa 4 baadaye, jingine halikufanya kabisa. Walipopimwa baada ya saa 48, waliokumbuka vizuri zaidi ni wale wa saa 4 baadaye. Waliofanya papo hapo hawakuwa na tofauti na wasiofanya.

Haya ni majaribio madogo ya maabara, usiyajengee dini. Lakini yanapatana na ratiba ya kawaida: soma mambo magumu saa 6 hadi saa 8 mchana, kimbia saa 11 jioni, pitia kwa ufupi usiku.

Nikifanya usiku sitalala?

Utalala, mradi usimalizie mazoezi makali ndani ya saa moja kabla ya kwenda kitandani. Ukilala saa 5 usiku, kali liishe saa 3 na nusu. Kunyoosha viungo na kutembea hakuna shida hata dakika za mwisho.

Kinachowanyima wengi usingizi si mbio, ni kile kinywaji cha kuongeza nguvu walichokunywa kabla ya mbio. Kafeini hubaki mwilini muda mrefu: baada ya saa 5 hivi, nusu yake bado imo. Kopo la saa 1 usiku bado linafanya kazi saa 6 usiku.

Nikiamka saa 11 alfajiri kukimbia, nasinzia kwenye kipindi cha saa 2. Nakosea wapi?

Umeiba muda kwenye usingizi. Kama ulilala saa 7 usiku na kuamka saa 11, umelala saa 4. Hakuna mbio inayorudisha hiyo. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ikibidi kuchagua kati ya dakika 40 za kulala na dakika 40 za kukimbia, na wiki nzima umekuwa ukilala chini ya saa 6, lala.

Asubuhi inamfaa anayelala kabla ya saa 5 usiku. Ina faida mbili Pwani: jua halijakaza, na hakuna kipindi cha dharura kitakachokuharibia. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, maliza kabla ya saa 1 na nusu asubuhi au anza baada ya saa 11 jioni. Morogoro na Dodoma mchana nao si wa kuchezea. Nairobi na Arusha una uhuru zaidi.

Dakika 30 kweli ni dakika 30?

Hapana, na hapa ndipo mipango mingi inakufa. Kubadili nguo 5, kukimbia 30, kupoa 5, halafu foleni ya bafu hosteli 20, au maji yamekatika na unashuka na ndoo ghorofa nne. Umetumia saa 1 au zaidi. Ukiandika dakika 30 kwenye ratiba, kipindi kinachofuata kitavurugika, na ndani ya wiki mbili utasema huna muda.

Tiba yake ni ndogondogo. Jaza ndoo usiku uliotangulia na uifunike. Weka nguo na raba pembeni ya kitanda. Kama jua la kwenu si kali, kimbia saa ambayo bafu liko tupu, kwa kawaida kati ya saa 10 na saa 11 jioni kabla watu hawajarudi kutoka vipindini. Panga saa 1 na dakika 15, na ukiokoa dakika ni bahati yako.

Sijawahi kufanya mazoezi tangu mchakamchaka wa shule. Nianzeje?

Siku 3 kwa wiki, kila siku ikifuatiwa na siku ya kupumzika. Kila mara anza na dakika 5 za kutembea na malizia na dakika 5 za kutembea. Katikati:

Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 6.
Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara 5.
Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara 4.
Wiki ya 4: kimbia 5, tembea 2, mara 3.

Jumla haizidi dakika 31 hata mara moja. Wiki ikikushinda, irudie, usiruke.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kasi. Anaondoka kama anakimbizwa, dakika ya tatu kichomi kinamshika ubavuni, anahitimisha kwamba mbio si zake. Kichomi kikikushika, punguza kasi, pumua kwa kina ukitoa hewa taratibu, bonyeza mahali panapouma. Husababishwa mara nyingi na kula au kunywa sana muda mfupi kabla. Baada ya mlo mzito kama wali au ugali, subiri saa 2 hadi 3. Ndizi moja au kipande cha mkate, nusu saa inatosha.

Kosa la pili ni ugoko. Maumivu ya mbele ya mguu chini ya goti hutokana na kuongeza haraka, raba iliyokwisha soli, na sakafu ya zege. Hamia kwenye nyasi au udongo, punguza muda kwa nusu kwa wiki moja. Yakiuma hata ukiwa umekaa, au ukibonyeza mahali pamoja pa mfupa unaruka, acha kukimbia na uende zahanati ya chuo, kwa maana huenda mfupa una ufa. Raba za mtumba zinafaa. Zikunje katikati kabla ya kununua: zikikunjika kama ndala, ziache.

Sina jimu wala nafasi. Chumbani tuko wanne.

Unahitaji nafasi ya mkeka mmoja na dumu la lita 5, ambalo likijaa maji lina uzito wa kilo 5. Pasha mwili joto dakika 3 kwa kuruka papo hapo au kupanda ngazi mara mbili. Kisha:

Skwati (kuchuchumaa na kusimama) 12. Visigino visinyanyuke, vikinyanyuka, tanua miguu kidogo.
Pushapu 8. Zikikushinda, weka mikono kwenye ukingo wa kitanda badala ya sakafu. Pushapu nane nzuri za kitandani ni bora kuliko ishirini za kuchezesha shingo.
Kuvuta dumu mara 10 kila mkono: inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeshika meza, vuta dumu hadi ubavuni.
Planki (kifudifudi, mwili umenyooka, umejishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu) sekunde 20. Kiuno kikilegea kuelekea chini, simamisha hapohapo. Ukiendelea ndiyo yale maumivu ya mgongo ya kesho yake.

Pumzika dakika 1, rudia, mizunguko 3. Ni kama dakika 15 hadi 18. Ukiyamaliza yote bila kuhangaika mara mbili mfululizo, ongeza 2 kwa kila zoezi. Baada ya hapo badili dumu liwe la lita 10.

Nacheza mpira Jumamosi tu, kwenye bonanza. Inatosha?

Ni bora kuliko kukaa, na kama unacheza kweli dakika 90 umegusa sehemu kubwa ya kiwango cha wiki. Shida ni kwamba mwili uliokaa siku sita unaombwa kukimbia kwa kasi kali na kugeuka ghafla siku ya saba, ndiyo maana vifundo vya miguu na misuli ya nyuma ya paja huumia. Ongeza siku 2 za dakika 20 katikati ya wiki. Na uhesabu bonanza kwa ukweli: mchezo saa 1 na nusu, stori za baada ya mchezo saa 3.

Nakaa kwenye kimbweta (benchi la kusomea la nje) saa sita mfululizo. Kuna madhara?

Umakini unashuka kabla hujajua. Kila baada ya dakika 30 hadi 45 simama dakika 3: tembea hadi bombani na kurudi, zungusha mabega, skwati 10. Simu ibaki mezani. Ukiichukua, dakika 3 zinakuwa 25, na hizo si mapumziko.

Msongo wa mawazo umenizidi. Mazoezi yatanisaidia?

Kwa wasiwasi na huzuni ya kawaida ya muhula, ndiyo, na hapa ushahidi una nguvu kuliko ule wa alama. Wengi huhisi nafuu siku hiyohiyo. Fanya na mtu au kundi ukiweza, kwa sababu upweke ni nusu ya tatizo. Lakini ukiwa hulali kwa wiki mbili, huli, au unawaza kujidhuru, usijitibu kwa mbio. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati leo.

Rafiki yangu hafanyi zoezi lolote na ana First Class.

Wako wengi. Mwangalie analala saa ngapi na anaanza kusoma wiki ya ngapi.

Wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikifika niache?

Usiache, punguza. Hili ndilo kosa tunaloliona kuwa ghali kuliko yote: mwanafunzi anafanya mazoezi wiki kumi za mwanzo, ambapo hana presha kubwa, kisha anaacha ghafla wiki ambazo usingizi na wasiwasi vinamsumbua zaidi.

Weka dakika 15 hadi 20 za kutembea haraka au kukimbia polepole, kila siku au siku moja baada ya nyingine. Usianzishe zoezi jipya. Misuli iliyofanyishwa kazi mpya huuma zaidi kati ya saa 24 na 72 baadaye, na mtu aliyepiga pushapu nyingi juzi akiwa hajazoea ataijutia mikono yake kwenye karatasi ya insha ya muda wa saa 3. Mpira wa miguu na wa kikapu viweke kando mpaka mtihani wa mwisho. Kidole kilichoteguka hakishiki kalamu.

Asubuhi ya mtihani tembea dakika 10 hadi 15, umalize nusu saa kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Kunywa maji kidogo. Kama ulikesha, usijaribu kufidia kwa mbio. Lala hata dakika 20 mchana kabla ya kurudi kwenye daftari.

Bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) likiisha nakula mara moja kwa siku. Niendelee?

Endelea kutembea, acha makali. Kukimbia na tumbo tupu kila siku kutakuletea kizunguzungu, na darasani utakuwa mwili tu. Bumu likiwepo, tenga pesa ya vitu vinavyokaa: karanga, maharage, unga wa uji, dagaa, mayai ukiweza. Bakuli la uji wenye karanga zilizosagwa kabla ya kipindi na wali maharage mchana vinabeba mazoezi ya kawaida. Poda za protini si za lazima kwa yeyote anayefuata ratiba hii.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Sogeza zoezi liishie karibu na futari, dakika 20 hadi 30 za kasi ya wastani, ili maji yawe karibu. Ukitaka la nguvu, fanya saa 1 na nusu baada ya futari au baada ya tarawehe, na upunguze hesabu kwa theluthi. Maji yagawanye glasi moja moja kati ya futari na daku. Lita moja na nusu kwa mkupuo wakati wa daku utaikojoa kwa sehemu kubwa kabla ya saa 2 asubuhi. Mchana wa jua, usikimbie.

Wakati wa hedhi?

Ruhusa, na kwa wengi maumivu ya tumbo hupungua wakifanya mazoezi mepesi. Siku nzito punguza kasi. Jambo la kuangalia ni damu: ukipanda ngazi mbili unahema kupita kawaida, unachoka wiki nzima na hedhi yako ni nyingi, pima himoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, na huo huharibu masomo na mazoezi kwa pamoja. Hedhi ikikata miezi mitatu baada ya kuongeza mazoezi, huenda unakula kidogo kuliko unavyotumia, mwone daktari.

Kuhusu usalama: kimbieni wawili au watatu, ndani ya eneo la chuo, na sikio moja libaki bila spika.

Lini nisifanye kabisa?

Ukiwa na homa. Ukiwa na malaria, maliza dozi, subiri homa iondoke na hamu ya kula irudi, kisha anza na nusu ya ulichokuwa unafanya. Mwenye seli mundu azungumze na daktari wake kwanza, anywe maji mapema, asishindane mbio kwenye joto na apumzike kabla hajachoka. Hata mwenye kinasaba kimoja tu cha seli mundu, asiye mgonjwa, anapaswa kujihadhari na mbio kali juani. Mwenye pumu asitoke bila inhela yake. Maumivu ya kifua, kuzimia au mapigo ya moyo kwenda ovyo wakati wa zoezi: simama, na siku hiyohiyo uende hospitali.

Nipo timu ya chuo. Mazoezi ni siku tano kwa wiki. Masomo yangu yatapona?

Yanapona kwa makaratasi zaidi kuliko kwa nia. Wiki ya kwanza ya muhula chukua ratiba ya mashindano, iweke juu ya ratiba ya test, zungushia kila inapogongana. Peleka barua kwa mhadhiri na ofisi ya mshauri wa wanafunzi kabla ya safari, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Anayeomba test maalumu baada ya kurudi huwa anabembeleza. Safarini chukua somo moja tu, lenye kusomwa kwenye basi. Masomo matatu yatarudi kama yalivyoondoka. Na siku ya mazoezi ya muda wa saa 2, usipange hesabu nzito usiku wake. Panga kusoma maandiko mepesi, ulale.

Nitajuaje kama yananisaidia mimi?

Pima kwa wiki 4. Kwenye daftari dogo, kila usiku andika namba tatu: saa ulizolala jana, dakika za zoezi leo, na kazi iliyokamilika, yaani maswali uliyoyafanya au kurasa ulizozisoma na kuzifupisha. Usiandike saa ulizokaa kimbwetani, kwa kuwa hizo hudanganya. Wiki ya kwanza endelea na maisha yako bila kubadili kitu, ili uwe na pa kulinganishia. Wiki tatu zinazofuata ongeza zoezi.

Usingizi ukipanda au kazi iliyokamilika ikiongezeka, endelea. Usingizi ukishuka, hamisha saa ya zoezi kwanza kabla ya kuliacha. Kazi ikipungua lakini usingizi uko sawa, hesabu upya muda wa bafu na stori. Anza jaribio hili wiki ya pili au ya tatu ya muhula, test zikiwa bado mbali.